Maziwa ya Chuchu Tatu

Dawa iliingizwa kwenye chuchu moja tu, ya nyuma upande wa kushoto, na Saveta mwenyewe ndiye aliyeshika mkia ili ng'ombe asimpige daktari teke. Kiwele cha Joiana kilikuwa kimevimba na kupata moto kama mkate uliotolewa tanurini sasa hivi, na maziwa ya chuchu ile yalitoka mabonge mabonge. Daktari wa mifugo alimaliza kazi yake kwa dakika tano, akapokea pesa yake, lei mia moja na hamsini, akanawa mikono kwenye ndoo. Akasema maziwa ya ng'ombe huyu yamwagwe siku nne. Yote, asubuhi na jioni, hata nguruwe asipewe. Kisha akaingia kwenye gari lake, kwa sababu alikuwa daktari wa vijiji kumi na moja. Wanaopanga mambo huko juu, ambao hawajawahi kushika mkia wa ng'ombe, waliona vijiji kumi na moja vinamtosha mtu mmoja.

Onisim, mumewe Saveta, alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mkono kiunoni. Mgongo wake ulikuwa umekufa kwa kubeba magogo msituni, na kazi zote za kuinama zilikuwa zimebaki kwa mkewe.

"Siku nne," alisema.

"Siku nne," Saveta akajibu.

Joiana alikuwa akitoa lita kumi na mbili kwa siku. Ng'ombe wao wa pili alikuwa mzee, lita zake tano zikipungua kila wiki. Kila mmoja alipiga hesabu kichwani mwake na hakutaka kuisikia ya mwenzake. Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba watu wasijue. Pale Vadu Cornului ugonjwa wa kiwele ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa wanawake wachafu, wasioosha mikono wala kubadilisha majani zizini, na Saveta alikuwa amezibadilisha nyasi zile kila asubuhi ya maisha yake ya ndoa. Bahati yao siku hiyo daktari alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa, kwa hiyo gari lake kusimama mlangoni halikumshangaza mtu.

* * *

Kituo cha maziwa kilikuwa chumba kimoja cha matofali karibu na daraja, ndani yake tangi la kupozea na mezani daftari la Veturia. Veturia ndiye aliyepima na kuandika. Zamani, kabla ya vijana kwenda kuvuna matunda Uhispania na kutorudi, nyumba sitini zilileta maziwa. Sasa zilikuwa ishirini na tatu. Kila nyumba ilimimina mkebe wake kwenye tangi hilo moja, na lori la kiwanda lilipanda kuyachukua kila baada ya siku mbili.

Wiki ile kulikuwa na barua ukutani. Kiwanda kilisema lori halitapanda tena kwa maziwa yasiyofika lita mia tano kwa safari. Likiyakuta pungufu mara mbili, safari ya tatu litakuja kubeba tangi. Dereva alikuwa ameyakuta mara moja, lita mia nne na tisini, baada ya Saveta kuleta siku mbili maziwa ya ng'ombe mzee peke yake. Akayachukua, lakini aliandika kwenye karatasi yake, akamwonyesha Veturia alichoandika, akamwomba radhi kama mtu aliyetumwa.

Gligor, aliyekuwa na ng'ombe sita na sauti ya ng'ombe sita, aliuliza ni nani aliyepunguza. Veturia hakutaja, ila macho yake yalikwenda kwenye mkebe wa Saveta. Saveta akasema Joiana kabana maziwa, majani ya mwaka jana yameisha ladha. Gligor akasema basi ambembeleze, amwimbie, amwoe ikibidi, maana lori likiacha kupanda wote watabaki wakiyaoga maziwa yao kama malkia. Watu wakacheka. Saveta naye akacheka, akafunga mfuniko wa mkebe wake.

Aliyekuwa hacheki ni bibi Rafila. Alikuwa na ng'ombe mmoja na nyumba yenye chumba kimoja. Alileta lita tatu kwa siku kwenye kindoo cha bati, akisimama mwisho wa foleni kwa sababu wenye mikebe mikubwa walimpita, na yeye aliwaacha wapite.

* * *

Ilikuwa Kwaresima. Katika majuma yale watu wa pale hawagusi maziwa, jibini wala nyama. Wanakula ugali, maharage, viazi, kabichi iliyochachushwa, na vyote hivyo haviendi kooni bila mafuta ya alizeti. Ndipo mafuta yalipopanda. Chupa iliyokuwa lei saba ilikuwa kumi na nne. Kwenye televisheni waheshimiwa wenye tai walisema ni vita vya nchi jirani, wakawataka wananchi wawe na subira, nao wakaenda kula.

Saveta aliingia dukani na lei thelathini. Aliweka kaunta chupa ya mafuta, kilo mbili za unga, sukari na chachu. Mwenye duka akataja jumla kwa sauti ile ile aliyotumia kumwita mbwa wake: thelathini na sita na nusu. Nyuma yake kulikuwa na watu watatu. Saveta alitoa sukari. Ikabaki thelathini na moja. Akatoa chachu.

"Nyie wenye ng'ombe mkikosa sukari, sisi tuseme nini?" mwenye duka alisema, na hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana yalimuuma zaidi.

Akisubiri chenji alitazama friji. Maziwa ya kiwanda kile kile yalikuwa yamepangwa humo, pakiti ya lita moja lei nane na nusu. Yeye walimlipa lei moja na bani themanini kwa lita, hata lei mbili hazikufika. Kwenye pakiti kulikuwa na picha ya mwanamke wa kijijini, kilemba cheupe, mtungi begani, meno yote mdomoni. Saveta alikuwa na miaka hamsini na mbili na meno kumi na tisa. Alitoka na mafuta na unga, na njia nzima mpaka nyumbani alikuwa akizungumza peke yake.

* * *

Jioni ile alikaa kwenye kigoda chini ya Joiana, ndoo ya kumwaga ikiwa kati ya magoti. Kiwele kilikuwa kimenywea. Chuchu tatu zilikuwa laini, baridi, nzima. Hata ile ya nne madonge yalikuwa yamepungua.

Saveta alikuwa amekamua tangu ana miaka saba na alijua jambo moja ambalo kila mwanamke wa pale alilijua: kiwele cha ng'ombe ni vyumba vinne, na kati ya chumba na chumba hakuna mlango. Chuchu moja ikikauka, tatu zinaendelea. Moja ikitoa damu, tatu zinatoa maziwa meupe. Alikuwa ameliona hilo mara nyingi kuliko daktari. Dawa iliingia chumba kimoja. Sasa itafikaje kwenye vingine? Daktari alisema yote kwa sababu daktari ana haraka, na mwenye haraka husema yote ili asiulizwe maswali. Jambo ambalo hakuna aliyewahi kukaa na Saveta kumweleza ni kwamba damu ya ng'ombe inapita vyumba vyote, na dawa hupanda humo bila kuhitaji mlango.

Alisimama akaenda kuchukua ndoo safi. Chuchu ya nyuma kushoto aliikamulia chini, kwenye majani, mpaka tone la mwisho. Akanawa mikono kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili. Ndipo akakamua zile tatu kwenye ndoo safi. Aliyanusa yale maziwa. Kuyaonja hakuyaonja, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima.

Aliporudi ndani Onisim alimuuliza kama amemwaga. Akasema amemwaga. Na kweli alikuwa amemwaga ya chuchu moja.

Alifanya hivyo siku mbili, asubuhi na jioni, na kila mara alinawa mara mbili. Lita kumi na nane. Veturia alipojumlisha daftari usiku wa kuamkia siku ya lori, alipata lita mia tano na nane, akafanya ishara ya msalaba.

* * *

Siku ya lori watu hawakuondoka kituoni. Walitaka kumwona dereva akiandika mia tano na nane. Dereva alichota maziwa kidogo kwenye kichupa, akatumbukiza kikaratasi chembamba kama alivyofanya siku zote, akakilaza mezani, akavuta sigara yake nusu. Aliporudi alikitazama muda mrefu. Akachukua kikaratasi kingine, akarudia.

"Kuna dawa," alisema.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Akaeleza kwamba maziwa yana dawa ya ng'ombe mgonjwa, hayapandi kwenye lori, kwamba akiyachanganya na ya vijiji vingine yeye atafungwa. Yamwagwe yote. Tangi lioshwe kwa soda na maji ya moto. Hayatalipwa. Na safari hii ataiandika kuwa sifuri.

Veturia akamuuliza kama hiyo inahesabiwa kuwa mara ya pili. Dereva alikuna shingo. Akasema karatasi yake ina mahali pa pungufu na mahali pa kuharibika, na ofisini wanasoma pa pungufu tu. Kwa hiyo ataandika yameharibika. Bado wanahesabiwa pungufu mara moja tu. Akapanda lori akashuka nalo tupu. Huyo ndiye mtu pekee wa kiwanda kile aliyewahi kuwatendea jambo jema, na mshahara wake ulikuwa mdogo kama kipato chao.

Lori lilipopotea, Gligor aliuliza ni nani. Hakupaza sauti. Alipita mbele ya kila mmoja, na alipomfikia bibi Rafila akasimama.

"Ng'ombe wako alikuwa anakohoa wiki ile, bibi."

Rafila akasema alikohoa kwa vumbi la majani, hakupewa dawa, dawa angeinunua na nini. Mwanamke mmoja akasema kindoo chake cha bati kina kutu na kimewahi kunuka. Mwingine akasema mtu wa lita tatu anaharibu lita mia tano. Wote walikuwa wakimtazama yule mzee wa miaka sabini na nane, na yeye alikuwa amekikumbatia kindoo chake kifuani kama wanataka kukichukua. Gligor akasema kuanzia leo bibi abaki na maziwa yake nyumbani, amalize uchafu wake huko huko.

Saveta alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa amejua tangu dereva alipochukua kikaratasi cha pili. Muda wote huo alikuwa akingoja mtu aseme kitu kitakachomfanya asilazimike kusema. Rafila akafungua mdomo kujitetea tena, sauti isitoke.

"Mwacheni," Saveta akasema. "Ni yangu."

Akawaeleza yote, chuchu ya nyuma kushoto, siku nne, kunawa mara mbili. Alieleza polepole, kama mtoto anayeeleza alivyovunja chombo, na alipofika kwenye vyumba vinne wanawake wawili walitikisa vichwa kukubali kabla hawajakumbuka kwamba wamekasirika.

* * *

Walifungua bomba la tangi na kuyaachia maziwa yaende mfereji wa barabarani. Yalichukua robo saa. Mtu mmoja alimtuma mwanawe kumwita Onisim, akaja na fimbo yake, kofia tayari mkononi. Aliambiwa. Alimtazama mkewe mara moja tu.

Veturia alipiga hesabu bila kuombwa: lei mia tisa na kumi na nne. Gligor akasema alichokuwa akitaka kusema, kwamba aliyeharibu alipe, nyumba zote, mpaka bani ya mwisho. Yeye peke yake alikuwa amepoteza zaidi ya mia mbili na pumba ya ng'ombe ilikuwa imepanda mara mbili tangu Krismasi. Watu wakaguna kumuunga mkono.

Onisim akasema watalipa. Hawana pesa, lakini watalipa. Kesho atampigia simu yule mchuuzi wa mifugo wa mjini aje amchukue Joiana. Kiwele kimepona, atampa bei ya kumalizia deni hili. Alisema hivyo akiitazama fimbo yake, na Saveta, aliyekuwa hajalia mpaka hapo, aligeukia ukuta.

Ndipo Veturia alipoweka kalamu chini.

"Mkimuuza Joiana," alisema, "tutabaki na lita ngapi?"

Kila mtu alizijua. Mia nne na tisini. Hata ng'ombe wengine wakizaa masika, hata wakimimina tone la mwisho walilowawekea paka, ng'ombe yule akiondoka tangi linaondoka. Na tangi likiondoka, mwenye ng'ombe sita hana pa kupeleka lita sitini, na mwenye mmoja hana pa kupeleka tatu. Kiwanda kilikuwa kimewafunga pamoja kwa kamba fupi kiasi kwamba hata kumpiga mwenzao hawakuweza bila kujiumiza.

Gligor alicheka, kicheko kisicho na furaha. Akavua kofia, akaivaa tena. Akasema basi, ni Kwaresima, yeye anasamehe. Mwingine naye akasema anasamehe. Wakasema mmoja mmoja, kama wanavyopita kubusu sanamu takatifu kanisani, bila kumtazama Saveta. Ishirini na mmoja walisamehe. Onisim aliinamisha kichwa kwa kila mmoja.

"Mimi sijasamehe," bibi Rafila akasema. "Mimi nataka zangu."

Watu wakamgeukia. Gligor akamwambia aone haya, mwenye hasara ya mia mbili kasamehe, yeye ana lita sita.

"Wewe una ng'ombe sita, mwanangu, ukikosa mia mbili unalala na hasira. Mimi nalala na njaa." Sauti sasa ilikuwa imemrudia. "Na hayo uliyoniita mbele za watu sikudai. Hayo hujui bei yake. Lita sita, lei moja na bani themanini. Veturia, ni ngapi?"

"Kumi na bani themanini," Veturia akasema kwa sauti ndogo.

Onisim alipapasa mifuko. Saveta akafungua pindo la kitambaa chake cha kichwani, mahali alipokuwa amefunga pesa ya chachu na sukari ya Pasaka. Akatoa noti ya kumi na noti ya moja, akaziweka kwenye kiganja cha yule mzee. Rafila alizikunja, akazitia kifuani. Kisha, mbele ya wote, akaanza kutafuta kwenye mfuko wa aproni yake. Alitafuta muda mrefu, watu wakisubiri. Akatoa sarafu mbili za bani kumi, akampa Saveta chenji yake.

* * *

Safari iliyofuata siku nne za dawa zilikuwa zimekwisha na lori lilipata lita mia tano na kumi na nne. Ile iliyofuata, mia tano na kumi na saba. Tangi likabaki.

Msamaha nao ukaanza kukusanywa. Gligor alimwomba Onisim mkokoteni wa majani makavu, kwa upole, na hakusema atarudisha lini. Mwanamke mwingine alimwita Saveta asaidie kupanda viazi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimpa chakula cha mchana na kumsifu mikono yake. Hakuna aliyetaja maziwa. Ila Saveta alipouliza kama kesho anaweza kubaki nyumbani kwake mwenyewe, yule mwanamke alimtazama tu, na Saveta akaenda. Kituoni waliamua, hata hakuna aliyejua nani aliamua, kwamba mkebe wake umiminwe wa mwisho, baada ya Veturia kuyachungulia maziwa yake na kuyanusa. Gligor kila asubuhi alimuuliza, "Shangazi, chuchu ngapi leo?" Watu walicheka mwezi mzima. Kicheko kile kile, kila siku, na yeye alitakiwa acheke.

Baada ya Pasaka ikaja barua nyingine ukutani. Kutokana na hali ya soko, bei ya lita moja itapungua kwa bani kumi. Wiki hiyo hiyo pakiti dukani ilipanda mpaka lei tisa na nusu. Watu walisoma barua, wakaisoma tena, kisha wakageuka wakamtazama Saveta, kana kwamba ndiye aliyeiandika. Aliyeiandika alikuwa ofisini, ghorofani, mbali, na hajawahi kujua kuna mahali panaitwa Vadu Cornului. Aliyekuwa karibu ni Saveta.

Foleni ilisimama kama ilivyosimama siku zote tangu hapo, mikebe ishirini na mmoja imegusana, kisha nafasi wazi ya hatua mbili, kisha mkebe wake. Alikuwa ameinamisha macho. Akasikia bati likigonga saruji nyuma yake.

Rafila alikuwa amechelewa, au amejifanya kachelewa. Alikiweka kindoo chake chini, akanyoosha mgongo, akaanza kumwambia Saveta kwamba fuko wanamaliza vitunguu vyake, kwamba ng'ombe wake kaanza tena kukohoa, kwamba mbegu za viazi alizouziwa mwaka huu ni ulaghai mtupu. Alimuuliza Joiana anaendeleaje. Saveta akasema anaendelea vizuri, na ilikuwa mara ya kwanza wiki sita mtu kumuuliza jambo ambalo jibu lake halikuwa la kuchekesha.

Veturia alimaliza mikebe ishirini na mmoja. Akamtazama Rafila, akampungia mkono apite mbele, kwa kuwa Saveta ni wa mwisho.

"Endelea na wako," Rafila akasema. "Wa mwisho leo ni mimi."